Mbwa Mweusi Juu ya Buluu

Mzee alitoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nne, akaikunjua juu ya meza yangu na kuibana pembeni kwa vidole. Ilikuwa ngao iliyopakwa buluu yote, na katikati mbwa mweusi amelala, kidevu juu ya miguu ya mbele. Alikuwa ameipaka usiku, kwa mwanga wa taa, na rangi mbili zile zilizamiana kiasi kwamba mbwa nilimtambua kwa sikio moja tu lililochomoza. Akaniambia mbwa huyo alikuwa wake, alikufa mwezi wa tatu, na kwamba kila jioni alikuwa akilala mlangoni namna ile ile, akimngoja arudi kazini.

Nilijua papo hapo kwamba ngao ile haipiti. Nikanyamaza kwanza. Sikutaka kulitamka neno hilo kabla sijajua nitampa nini badala yake.

Ulikuwa mwezi wa nane, magharibi ya Pennsylvania, kwenye mkusanyiko uitwao Pennsic. Umekuwa ukifanyika tangu 1972, na huleta watu zaidi ya elfu kumi wanaolala kwenye mahema, wakivaa kanzu, majoho na deraya za chuma, wakipika kwa kuni na kupigana kwa panga za henzirani. Wenyeji wa mkusanyiko huu ni Society for Creative Anachronism, jumuiya iliyoanza tarehe 1 Mei 1966 uani kwa mtu, mjini Berkeley, California. Leo imegawanyika katika falme 20, na mmoja wao, Drachenwald, unashika sehemu kubwa ya Ulaya. Kila mwanachama hujichagulia jina la mtu ambaye angeweza kuwa ameishi kabla ya mwaka 1600, na ngao ya kwenda nalo. Kuvitumia hakuhitaji ruhusa ya mtu. Ila ukitaka viandikwe daftarini, viwe vyako na mwingine asivichukue, lazima vikaguliwe.

Wakaguzi ndio sisi. Mimi hutuita wanadi, kwa sababu kazi hii ilianza kwa kunadi. Katika mashindano ya zamani mpiganaji alikuwa amefunikwa uso kwa chuma, na aliyesimama kando ya uwanja kutangaza ni nani anaingia hakuwa na la kumtambulishia ila picha iliyo kwenye ngao. Kwetu pwani tungemwita mpiga mbiu. Akikosea yeye, umati wote umekosea.

Ombi huanzia kwenye meza kama yangu, likapanda hadi kwa wanadi wa ufalme, kisha likawekwa mbele ya wanadi wa falme zote ili kila mwenye la kusema aseme na kuonyesha ushahidi wake. Juu kabisa kuna afisa wa majina, cheo chake Pelican, na afisa wa ngao, cheo chake Wreath, na juu yao Laurel. Kila mwezi hutoka waraka wa yaliyokubaliwa na yaliyorudishwa, na kila kilichorudishwa kimeandikiwa sababu. Mimi nimo katika lile kundi la katikati, la wanaosema. Sina muhuri. Nina vitabu, daftari na jioni zangu baada ya kazi.

Turudi kwa mbwa.

Rangi za ngao ziko makundi mawili. Kuna madini, yaani dhahabu, ambayo huchorwa njano, na fedha, ambayo huchorwa nyeupe. Halafu kuna rangi zenyewe: nyekundu, buluu, nyeusi, kijani na zambarau. Kanuni ya tangu karne za kwanza za ngao inasema usiweke rangi juu ya rangi, wala madini juu ya madini. Ni kanuni ya macho. Weka kijani juu ya buluu, kisha rudi nyuma hatua ishirini wakati jua linazama, uone kinachobaki.

Msomaji wa Kenya au Tanzania anaifahamu kanuni hii hata kama hajawahi kuisikia. Itazame bendera ya Kenya. Nyeusi, nyekundu na kijani hazigusani. Kati yake umepita mstari mwembamba mweupe. Itazame ya Tanzania. Kijani kule, buluu huku, mkanda mweusi umekata mshazari katikati, na kila upande wa mkanda kuna utepe wa dhahabu. Shuleni tulifundishwa kwamba dhahabu ile ni madini yetu, na wenzetu wa Kenya wakafundishwa kwamba nyeupe ile ni amani. Ndivyo, na sibishi. Lakini nyuzi hizo zina kazi nyingine pale zilipo: zinazizuia rangi nzito zisimezane. Aliyezichora ni kama aliijua elimu hii. Kenya hata ina sheria yake ya kusajili nembo, tangu 1968, na ngao yake ya taifa imefuata njia hiyo hiyo, jogoo mweupe juu ya mkanda mwekundu, na mkanda wenyewe umezungushiwa weupe. Tangu niligundue hilo siwezi kuipita bendera bila kusimama kidogo.

Basi wazo la kwanza la mtu yeyote ni kumzungushia mbwa utepe mweupe. Kanuni zetu haziruhusu. Utepe wa namna hiyo unapewa maumbo sahili peke yake, kama msalaba au mkanda, kwa kuwa ndivyo wachoraji wa enzi hizo walivyofanya. Mbwa ana masikio, mkia na kucha, na ukimzungushia mstari atakuwa kama amekatwa gazetini akabandikwa.

Nilimwuliza mzee swali moja: kilicho muhimu kwake ni weusi wa mbwa, ni buluu, au ni kule kulala? Akafikiri. Mbwa hawezi kuwa mweupe, akasema, hangekuwa yeye. Kulala hakubadiliki. Na buluu? Buluu ni ya usiku, maana alikuwa akirudi kazini usiku.

Hapo nikachukua karatasi safi na kalamu za rangi, zile wanazopakia watoto wa shule. Ndizo tunazotumia, kwa kuwa wino wa mashine ya kuchapa hupauka na kubadilika, na miaka kumi baadaye karani hawezi kujua kama ile ilikuwa buluu au zambarau. Nikachora ngao, nikaipaka buluu, na katikati nikaacha duara jeupe kubwa. Ndani ya duara nikamlaza mbwa mweusi. Rangi juu ya madini, madini juu ya rangi. Kila kitu kimekaa mahali pake. Nikamsogezea.

Akasema, "Kuna mwezi."

Laiti mambo yangeishia hapo. Ngao inayofuata kanuni inaweza bado kuwa ya mtu mwingine, na kwetu mara nyingi tofauti moja haitoshi. Kwa kawaida ngao mpya lazima iachane kwa mambo mawili yanayohesabika na kila iliyokwisha kuandikwa. Nikafungua daftari. Baada ya nusu saa nikakuta, katika ufalme mwingine kabisa, uwanja wa buluu, duara la fedha, na ndani yake paka mweusi. Nikahesabu. Uwanja ule ule, duara lile lile. Mnyama si mmoja, basi hiyo ni moja. Nikatafuta ya pili, sikuiona.

Jambo hili lina historia, na ndiyo iliyonifanya niipende kazi hii kuliko kitu kingine chochote katika jumuiya yetu. Mwaka 1385 mfalme Richard wa Pili wa Uingereza alipeleka jeshi Scotland. Humo jeshini mashujaa wawili wakakutana uso kwa uso na ngao moja: uwanja wa buluu, mkanda wa dhahabu wa mshazari. Mmoja alikuwa Richard Scrope, wa pili Robert Grosvenor. Kila mmoja akasema ni ya babu zake. Kesi ikadumu miaka mitano mbele ya mahakama ya mashujaa, na mashahidi waliohojiwa walikuwa mamia.

Shahidi mmoja alikuwa Geoffrey Chaucer, mshairi. Alitoa ushahidi wake Oktoba 1386. Alieleza kwamba alimwona Scrope akiibeba ngao ile vitani Ufaransa. Kisha akasema siku moja alikuwa akipita Friday Street, London, akaona ngao ya buluu yenye mkanda wa dhahabu imening'inizwa nje ya nyumba ya wageni, akauliza, ni nyumba gani hii iliyotundika ngao ya akina Scrope? Mtu akamjibu kwamba hiyo si ya Scrope, ni ya shujaa wa Cheshire aitwaye Grosvenor. Ndiyo mara yake ya kwanza, akasema, kulisikia jina la Grosvenor.

Ushahidi wenyewe ni huo tu: mpita njia, barabara ina jina, ngao imetundikwa, swali na jibu. Hakusema anahisi ni ya Scrope. Alisema alichokiona na mahali alipokiona. Nikikaa jioni kuandika maoni juu ya ombi la mtu nisiyemjua, Chaucer wa Friday Street ndiye kipimo changu.

Mwaka 1389 hukumu ya kwanza ilimpa Scrope ngao, na Grosvenor akaambiwa anaweza kuibeba akiiongezea ukingo wa fedha pande zote. Hukumu hiyo haikumaliza ugomvi. Mwaka 1390 mfalme mwenyewe akaamua kwamba ukingo hautoshi, kwa kuwa ukingo ni tofauti ya ndugu kwa ndugu, na hawa hawakuwa na damu moja. Grosvenor akaacha mkanda, akashika mganda wa ngano wa dhahabu juu ya buluu.

Mzee nilimpa njia mbili. Ya kwanza ilikuwa ukingo wa fedha, ule ule wa Grosvenor. Kwa kanuni zetu za leo ungempitisha. Akautazama kwenye karatasi, akasema unamfunga mbwa ndani ya uzio, na mbwa wake hakuwahi kufungwa. Ya pili ilikuwa kumwandikia mwenye paka na kumwomba ridhaa. Kanuni inalitambua hilo. Mwenye ngao ya kwanza akitia sahihi kwamba hana kinyongo na ngao ya pili, mgongano umeondoka. Akachagua kuandika. Nikamwonyesha maneno yanayotakiwa, akayanakili kwa mkono wake, polepole, akiuliza kila alipotilia shaka tahajia.

Majina ni kazi nyingine, na mimi huyaogopa zaidi. Ngao ukikosea, mtu atabadilisha rangi. Jina limekwisha kuitwa. Wenzake wamelizoea, amekwisha kulitia nakshi kwenye mkanda wa ngozi, halafu aje mgeni aseme hilo si jina.

Nilipofika nchi hii, ofisi moja iliondoa herufi kwenye jina langu. Jina linaanza na M na W, na karani alidhani W imeponyoka kidole cha mpiga chapa, akaifuta. Kwa miaka miwili kadi zangu zote zilimtaja mtu ambaye bibi yangu hakumpa jina. Niliporudi kudai irekebishwe niliambiwa nilete ushahidi kwamba jina langu ni jina. Sikusahau namna swali lile lilivyonikaa kifuani.

Na bado, mimi niliyeulizwa hivyo, nilikuja kumfanyia mtu jambo hilo hilo. Ilikuwa mwaka wangu wa kwanza wa kutoa maoni. Lilikuja ombi la mwanamke aliyetaka jina la karne ya 13 lililokuwa karibu sana na Tiffany. Nikaandika mistari miwili, kwamba hili ni la kisasa, lirudishwe. Sikufungua kitabu, maana sikio langu lilikuwa limekwisha kuamua. Kesho yake mnadi mwingine akaweka chini ya maneno yangu ukweli wenyewe: limetokana na Theophania ya Kigiriki, maana yake kudhihirika kwa Mungu, na walipewa wasichana waliozaliwa karibu na sikukuu ya tarehe 6 Januari. Wafaransa walilitamka Tiphaine, na Waingereza wa karne hiyo hiyo ya 13 walikuwa nalo. Jina likapita. Lakini maneno yangu yalikuwa yamekwisha kusomwa na mwenye ombi.

Sikio hudanganya pande zote mbili. Cedric linasikika kama jina la mpanda farasi wa kale, kumbe alilileta mwandishi Walter Scott mwanzoni mwa karne ya 19. Vanessa alilibuni Jonathan Swift karne moja kabla yake. Wakati huo huo daftari za ubatizo za Uingereza, ambazo makanisa yaliamriwa kuziandika tangu 1538, zimejaa majina ambayo ukiyasoma leo utadhani ni ya jirani yako. Ndiyo maana tunafungua daftari hizo ukurasa kwa ukurasa, tukitafuta mtoto mmoja, parokia moja, mwaka mmoja. Ukimpata huyo mtoto, jina limesimama.

Tangu siku ile nimejiwekea sharti, na vijana ninaowafundisha nawawekea vile vile: "hapana" yako iwe na ukurasa. Anayeomba tunamdai ushahidi wa kila silabi, tarehe na mahali. Anayemkatalia naye adaiwe hivyo hivyo. "Nahisi si la zamani" halina tarehe wala mahali. Kama huna ukurasa wa kukataa, bado una kazi ya kutafuta. Na ukiwa nao, usiondoke kabla hujatafuta jina la karibu ambalo linasimama, ukaliweka pale pale chini ya kukataa kwako, ili mtu asirudi nyumbani mikono mitupu.

Mwaka juzi alikuja hemani msichana wa Toronto, wazazi wake wa Mombasa. Alisimama mbali kwanza, akisikiliza namna ninavyotamka majina, kisha akasogea na kusema, "Shikamoo, shangazi." Nikamwitikia marahaba na kumvutia kiti. Alitaka jina la Kilwa. Aliuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeomba kitu kisichouzwa dukani hapo, kama sisi tumo.

Tumo, mwanangu. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 akamkuta sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye watu walimpa lakabu ya Abu al-Mawahib kwa ukarimu wake. João de Barros, Mreno, alichapisha habari za wafalme wa Kilwa mwaka 1552. Kurasa hizo zimejaa majina ya wanaume, lakini utaratibu wa kupanga jina la Kiarabu unajulikana vizuri, na jina alilopewa yeye na bibi yake lilikuwa la Kiarabu, limevaliwa na wanawake tangu karne za kwanza za Uislamu. Tukaliweka mbele. Kisha bint, kisha jina la baba yake mzazi, kisha al-Kilwiyya, kwa umbo la kike, kama linavyotakiwa. Alitaka pia Mwana mwanzoni. Nikamwambia hilo ni neno la heshima, na jina lisidai heshima ambayo mtu hajapewa. Watu wake wamwite hivyo wenyewe. Akacheka, akasema mama yake hamwiti hivyo hata akimtuma dukani.

Ngao yake ilikuwa na mtepe, jahazi la kushonwa kwa kamba bila msumari, lenye tanga la mkeka la pembe nne. Hapo kuna siri ya elimu hii ninayoipenda: kwetu kinachosajiliwa ni picha, lakini mchoraji hufuata maneno yanayoieleza. Maneno yakisema "meli ya fedha", mchoraji yuko huru. Mwingine atachora meli ya Venice. Yeye atachora mtepe, na wote wawili watakuwa wamechora sawasawa. Tulikaa saa nzima na picha za mtepe kwenye simu yake, tukihesabu kamba.

Wapo wanaoniuliza Mwafrika anatafuta nini katika ngao za Wazungu. Huwa nawatajia Afonso wa Kwanza wa Kongo. Mwaka 1512 mfalme Manuel wa Ureno alimpelekea wajumbe, na pamoja nao ngao aliyotungiwa: mikono mitano iliyovaa chuma, imeshika mapanga, na chini yake sanamu za miungu zilizovunjika. Sipendi zile sanamu. Aliyezivunja mchorani hakuwa Mkongo. Lakini Afonso aliichukua ngao ile akaiweka kwenye mambo yake ya kifalme, na waliomfuata wakaibeba. Tumo humo kitambo, na yaliyotupata humo yamo pia.

Barua ya mwenye paka ilirudi baada ya siku kumi na moja. Maneno ya ridhaa yalikuwa sahihi, neno kwa neno, na sahihi chini. Chini ya sahihi aliongeza kwa kalamu swali moja: mbwa alikuwa anaitwaje? Sijui mzee alimjibu nini. Najua tu kwamba waliendelea kuandikiana.

Ombi likapanda, likatangazwa, likakaa miezi kadhaa, likatoka kwenye waraka likiwa mstari mmoja. Mwezi wa nane uliofuata mzee akaja hemani na ngao ya mbao begani, rangi bado inanuka. Aliiegemeza kwenye mguu wa meza. Akaniuliza kama maelezo yake ninaweza kuyasema kwa lugha yangu. Nikasimama, maana mnadi husema akiwa amesimama, nikayasema: uwanja wa buluu, juu ya duara la fedha, mbwa mweusi amelala, akielekea mkono wa kuume wa mbeba ngao.

Akaniomba nirudie neno la mbwa. Nikarudia. Akalijaribu mara mbili tatu, ile m na b zikimsumbua mdomoni, kisha akaigeuza ngao, akachukua penseli mezani kwangu na kuliandika upande wa nyuma, karibu na kishikio.